Mnapotafuta mtoto, sahani ya baba nayo ihesabiwe

Ndoa ikifika mwaka wa pili bila mimba, kitu cha kwanza kubadilishwa nyumbani huwa ni chakula cha mwanamke. Shangazi anatuma unga wa mizizi kutoka kijijini. Wifi anakataza maji ya baridi. Mama mkwe anauliza, kwa upole lakini mbele ya watu, kama mkwe wake anakula vizuri. Dada wa watu anaacha hiki, anaongeza kile, anakunywa kikombe cha kitu kichungu kila alfajiri. Mumewe, upande wa pili wa meza ileile, anaendelea na chipsi mayai saa nne usiku, soda mbili na sigara, na hakuna anayemuuliza kitu.

Kama wewe msomaji umo katika nyumba ya namna hiyo, makala haya ni yako, na nakuomba mwenzako naye ayasome.

Chakula kina nafasi katika uzazi. Si nafasi ndogo, ila si ile inayotangazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Lishe nzuri husaidia mwili wa mwanamke kupevusha yai kwa mpangilio, husaidia mwili wa mwanaume kutengeneza mbegu zenye afya, na huandaa mahali ambapo mtoto ataanzia safari yake. Haizibui mirija. Hailetei mbegu njia pale ambapo njia imeziba. Na kila mwezi unaopita mkisubiri unga fulani ufanye kazi usiyoiweza, umri wa mayai ya mwanamke unazidi kusonga. Hapo ndipo penye hasara kubwa, kuliko hata fedha mnazotoa.

Tuanze kwa kuondoa aibu. Aprili 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoonyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hukumbana na tatizo la kutopata mimba wakati fulani wa maisha yake, na kwamba tofauti kati ya nchi tajiri na maskini ni ndogo. Wataalamu huhesabu kuwa kuna tatizo pale ambapo mke na mume wamekutana mara kwa mara, bila kinga wala uzazi wa mpango, kwa miezi 12 bila mimba. Wanaoingia humo si wale tu ambao hawajawahi kuzaa. Yupo mama mwenye mtoto wa miaka sita anayetafuta wa pili na hapati, na mara nyingi huyu ndiye anayechelewa kuliko wote kwenda hospitali kwa sababu kila mtu anamwambia, "Wewe si ulishazaa? Subiri." Na katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, upande wa mwanaume una mchango, ama peke yake ama pamoja na wa mwanamke. Kwa hiyo kumlisha mke peke yake ni kuacha nusu ya kazi bila kuguswa.

Nguvu za kiume si mbegu za kiume

Jioni ukipita mitaa ya Dar es Salaam utaona sufuria ya supu ya pweza inachemka na wanaume wameizunguka. Pembeni yake kuna kijana mwenye sinia la muhogo mbichi, vipande vya nazi na karanga. Ukiwauliza wateja wanatafuta nini, watakujibu kwa kicheko, na jibu litahusu chumbani.

Sina ugomvi na pweza. Ni chakula kizuri, kina protini, zinki na vitamini B12. Karanga pia ni nzuri. Muhogo mbichi uwe ule mtamu na uliomenywa vizuri, maana mchungu una sumu ya sayanaidi inayohitaji kuloweka na kupika ili iondoke. Tatizo ni kwamba mwanaume wa kwetu akisikia neno uzazi hufikiria nguvu. Akijiona hana shida ya nguvu, anahitimisha kuwa hana shida ya uzazi, na mazungumzo yanaishia hapo.

Hayo ni mambo mawili tofauti. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zote, akatoa manii ya kutosha kwa macho, na ndani ya manii hayo kusiwe na mbegu hata moja. Mbegu hazionekani kwa macho. Sehemu kubwa ya manii ni majimaji kutoka kwenye tezi zilizo karibu na kibofu. Kinyume chake pia hutokea, mwenye shida ya nguvu akawa na mbegu nzuri kabisa. Anayejua ni maabara, kwa kipimo cha manii, na hiki ni miongoni mwa vipimo rahisi zaidi katika shughuli nzima ya kuchunguza uzazi. Hakuna kuchanjwa, hakuna kulazwa. Bado utakuta mwanamke amepitia kipimo cha kupiga picha mirija, chenye maumivu, kabla mumewe hajakubali kutoa manii kwenye kikopo.

Juu ya hayo, kuna unga na vidonge vinavyouzwa kwa siri, likiwemo lile linaloitwa vumbi la Kongo. Bidhaa za namna hii zikipimwa katika nchi mbalimbali, zimekuwa zikikutwa zimechanganywa na dawa za hospitali za kuongeza nguvu, bila kuandikwa popote. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za kutanua mishipa, mchanganyiko huo unaweza kuua. Na mbegu haziongezi.

Vijana wa mazoezi nao wasikilize. Sindano na vidonge vya homoni ya kiume vinavyotumika kutunisha misuli huufanya ubongo uone homoni ipo tele, uache kuziamuru korodani zifanye kazi. Mtu anatuna kifua huku mbegu zikishuka, wakati mwingine hadi sifuri. Akiacha, mara nyingi hurudi, ila huchukua miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka.

Siku 74

Namba moja ambayo ningependa kila mume aikariri ni 74. Hizo ndizo siku, kwa wastani, ambazo mwili hutumia kutengeneza mbegu moja kuanzia mwanzo, kisha huongezeka siku kadhaa za mbegu kukomaa na kusafiri. Jumla ni karibu miezi mitatu. Maana yake ni kwamba mbegu unazotoa leo zilianza kutengenezwa wakati ule ulipokuwa unakula na kuishi ulivyokuwa unakula na kuishi miezi mitatu nyuma. Ukiugua malaria yenye homa kali mwezi wa tatu, majibu mabaya ya kipimo mwezi wa tano yanaweza kutokana na homa ile. Ndiyo sababu daktari akiona majibu hayapendezi haishii kwenye kipimo kimoja. Atakuambia urudie baada ya muda.

Na ndiyo sababu kula vizuri kwa wiki mbili hakutoshi kupima chochote. Mume akiamua leo kupunguza pombe, kuacha sigara na kubadilisha chakula, ajipe miezi mitatu.

Abadilishe nini? Nchini Hispania, mwaka 2018, watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililowashirikisha vijana wa kiume 119 wenye afya. Wengine waliongezewa gramu 60 za njugu za aina tatu kila siku kwa wiki 14 juu ya chakula chao cha kawaida, wengine hawakuongezewa. Wale wa njugu walionekana kuwa na mbegu nyingi zaidi, zenye uhai na mwendo bora. Lakini tusivuke mpaka: walikuwa vijana wazima, si wagonjwa wa ugumba, na jaribio halikuhesabu mimba. Linachotuambia ni kwamba korodani zinasikia kile kinachoingia tumboni. Njugu zile zilikuwa za kwao, lakini kiganja cha korosho au karanga, ufuta, mbegu za maboga zilizokaangwa kavu, vyote hivi vina mafuta mazuri na madini ya jamii hiyo. Karanga ziwe kavu, zisiwe na ukungu wala zilizosinyaa, kwa sababu sumukuvu haina msamaha. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Sasa pima hilo na jaribio jingine. Marekani walichukua wenzi 2,370 waliokuwa wanatafuta matibabu ya uzazi, wakawapa wanaume ama vidonge vya foliki na zinki kila siku kwa miezi sita, ama vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2020: ubora wa manii haukuwa tofauti, watoto waliozaliwa hawakuwa wengi zaidi, ila waliotumia vidonge ndio waliolalamika zaidi kuumwa tumbo na kichefuchefu. Kumbuka hili unapoonyeshwa kopo la virutubisho vya mume lenye bei ya kodi ya chumba. Zinki iliyomo kwenye dagaa, nyama na maharage ni sehemu ya chakula kizima, na hakuna haja ya kuifunga kwenye kopo isipokuwa daktari ameona upungufu.

Kwa hiyo baba ale samaki. Dagaa, vibua na sato wote wanafaa. Ale maharage, kunde, choroko. Mboga za majani kila siku na matunda yasiyokamuliwa na kuwekwa sukari. Apunguze soseji, na chipsi za mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Akague kiuno chake, kwa sababu mafuta ya tumboni hubadili sehemu ya homoni ya kiume kuwa ya kike, na pia hupasha joto eneo ambalo maumbile yaliliweka nje ya mwili makusudi, ili libaki nyuzi chache chini ya joto la mwili. Dereva wa masafa anayekaa juu ya injini siku nzima, na mpishi anayesimama mbele ya tanuri, waliseme hilo kwa daktari wao.

Kwa mama, kabla ya kliniki

Kwa upande wa mwanamke, ushauri muhimu kuliko wote unahusu kitu ambacho hakiongezi nafasi ya kushika mimba kwa kiasi kikubwa, lakini humlinda mtoto atakayepatikana. Ni asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kuanzia wakati mnapoanza kutafuta mimba.

Sababu ni ya muda. Mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Siku ya 28, mama wengi hata hawajajua kama ni wajawazito; wanadhani hedhi imechelewa kwa sababu ya uchovu. Mrija ule usipojifunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengi wao hupata pia kichwa kikubwa. Mwaka 1991 utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza ulithibitisha kuwa foliki ikitumiwa kabla ya mimba hupunguza sana hatari hii kwa wanawake waliowahi kupata mtoto wa namna hiyo. Kwao dozi huwa kubwa zaidi, mara kumi au zaidi ya ile ya kawaida, na lazima iandikwe na daktari.

Sasa angalia utaratibu wetu. Vidonge vyekundu vya fefo, vyenye madini ya chuma na foliki, hutolewa kliniki ya wajawazito. Mama anafika huko mimba ina miezi mitatu, minne. Damu yake itafaidika, na aendelee kuvimeza, lakini kazi ya mrija ule ilishakwisha zamani. Tunao unga wa ngano na wa mahindi unaoongezwa virutubishi viwandani, kwa kanuni zilizowekwa mwaka 2011, na huo unasaidia. Lakini mama anayesaga mahindi yake kwenye mashine ya mtaani haupati.

Ningependa kuona foliki ikizungumzwa kule ambako wanandoa wapo kabla ya mimba. Kwenye mafundisho ya ndoa kanisani, msikitini, na kwenye kicheni pati, ambako bibi harusi hupewa seti ya masufuria na mawaidha ya saa tatu mfululizo lakini hakuna anayetaja kidonge kinachouzwa kwa bei ndogo dukani. Kungwi mmoja anayejua jambo hili angeokoa watoto wengi kuliko mabango.

Baada ya foliki, damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta karibu asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Kuingia kwenye mimba damu ikiwa chini ni kuanza safari ndefu na nusu tangi. Mchicha, kisamvu, matembele na maharage vina madini ya chuma, lakini chuma cha mimea ni kigumu kufyonzwa na mwili, kinahitaji msaada. Msaada wake ni tindikali ya matunda: kamulia limau juu ya mboga, kula chungwa, pera au embe pamoja na mlo, au kunywa maji ya ubuyu. Kizuizi chake ni chai. Ile desturi ya kumalizia chakula cha mchana kwa kikombe cha chai ya rangi huiba sehemu kubwa ya chuma ulichokula. Isogeze mbele kwa saa moja au mbili. Na wewe unayenunua udongo sokoni na kuutafuna kimyakimya, elewa kuwa nao huzuia chuma, na hamu hiyo yenyewe mara nyingi ni dalili kwamba damu iko chini. Kapime. Maini ni chanzo kizuri cha chuma, ila yana vitamini A nyingi mno, kwa hiyo anayetafuta mimba asiyafanye chakula cha kila siku.

Kisha uzito, na hapa naomba tuzungumze bila kejeli. Mwili uliokonda sana, kwa njaa, kwa kujinyima au kwa mazoezi kupita kiasi, hufunga duka la uzazi: hedhi hupotea kwa sababu ubongo umeona hakuna akiba ya kulea mimba. Mwili wenye mafuta mengi nao huvuruga homoni. Wapo wanawake ambao hedhi yao huja mara nne au tano kwa mwaka, wana chunusi zisizoisha na ndevu kidogo kidevuni, na picha ya ultrasaundi inaonyesha ovari zenye vifuko vidogo vingi. Kwao chakula ni sehemu ya matibabu halisi. Akiwa na uzito uliozidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu kunaweza kurudisha upevushaji wa yai. Dada mwenye urefu wa mita 1.60 na kilo 82 hahitaji kurudi kwenye kilo alizokuwa nazo sekondari. Akipunguza kati ya kilo 4 na 8 ameshafanya jambo kubwa. Ugali upungue, uwe wa dona, mtama au uwele badala ya sembe. Mboga na maharage vichukue nusu ya sahani na zaidi. Soda na juisi za dukani ziondoke kabisa. Na kutembea nusu saa kwa siku kuwepo. Asijinyime hadi azimie. Kufunga kula siku tatu kwa maji ya limau hakumsaidii mtu.

Utafiti wa wauguzi, na mirija yetu

Huenda umeshaona kwenye simu yako kuwa "lishe ya uzazi" imethibitishwa na Chuo Kikuu cha Harvard. Habari hiyo ina chanzo cha kweli. Mwaka 2007 Jorge Chavarro, Walter Willett na wenzao walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wauguzi wanawake 17,544 wa Marekani kwa miaka minane. Waliokula protini zaidi ya mimea, wanga usiokobolewa, wakaepuka mafuta yanayogandishwa kiwandani, wakatumia vitamini zenye foliki na wakawa na uzito wa wastani, walipata kwa kiasi kidogo zaidi ugumba unaotokana na yai kutopevuka. Ukiitazama orodha hiyo kwa jicho la jikoni kwetu, ni mlo wa bibi yako: dona, kunde, mboga ya majani iliyoungwa karanga, dagaa, tunda. Huna sababu ya kuagiza kopo kutoka nje.

Lakini soma tena yale maneno: unaotokana na yai kutopevuka. Utafiti ule haukuhusu mirija. Na katika sehemu hii ya dunia mirija ndiyo habari kubwa. Tangu uchunguzi wa nchi nyingi uliofanywa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, inajulikana kuwa Afrika Kusini mwa Sahara wanawake wengi zaidi wanaohangaika na uzazi wana mirija iliyoharibiwa na maambukizi kuliko ilivyo kwingineko. Ni klamidia na kisonono visivyotibiwa, ni maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika na kutosafishwa vizuri. Klamidia inaweza kukaa miaka bila dalili yoyote.

Kovu ndani ya mrija ni kama kovu mguuni. Hakuna tangawizi, kitunguu saumu, mbegu za habbat soda wala unga wa majani utakaoliyeyusha. Anayekuuzia dawa ya "kusafisha kizazi na kuzibua mirija" hajaiona mirija yako, na hawezi kuiona baada ya dozi ili ajue kama imezibuka. Mbaya zaidi ni zile za kuingiza ukeni, ambazo huchoma ngozi laini na kuleta maambukizi mapya juu ya yale ya zamani. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu anayenunua huwa ni mtu aliyekata tamaa, na muuzaji analijua hilo.

Pombe nisiikalie sana: kwa mke anayetafuta mimba ni bora aache kabisa, kwa mume apunguze sana. Kahawa kikombe kimoja au viwili kwa siku haina neno. Chumvi iwe yenye madini joto, maana tezi ya shingo ikikosa madini hayo huvuruga hedhi na ubongo wa mtoto pia. Mwenye kisukari, presha, kifafa, selimundu au anayetumia dawa za kudumu asiache dawa kwa kusikia zinazuia mimba. Aulize kwanza, nyingine zina mbadala ulio salama.

Na kuna wenzi wanaokula vizuri, vipimo safi, tatizo ni kwamba hawakutani kwa wakati. Mume yuko mgodini Geita, mke yuko Morogoro, wanaonana wikendi mbili kwa mwezi. Siku za kushika mimba ni sita tu kwa kila mzunguko, yaani siku ya yai kutoka na tano kabla yake. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28 ahesabu kutoka siku ya 9 hadi ya 14. Mwenye siku 32, kutoka ya 13 hadi ya 18. Kwa wanaoishi pamoja, kukutana kila baada ya siku mbili au tatu kunatosha bila kuhesabu kitu. Kwa wanaoishi mbali, likizo ipangwe kwa kalenda hiyo, na mwajiri si lazima aambiwe sababu.

Mzazi unayesubiri mjukuu

Nawe baba mkwe, mama mkwe, neno langu ni fupi. Kama una fedha ya kumtumia mkweo mzizi kwa basi, itume kwa mwanao iwe nauli ya kwenda hospitali na ada ya kipimo. Na swali lako la chakula muulize mwanao wa kiume pia, kwa sauti ileile. Mama akimwambia mwanawe, "Nenda kapime, hata baba yako angeenda," huwa hakatai kirahisi.

Lini kwenda? Mwanamke akiwa chini ya miaka 35, baada ya mwaka mmoja wa kutafuta. Akiwa na 35 au zaidi, baada ya miezi sita. Msisubiri hata hiyo kama hedhi hupotea miezi, kama kuna maumivu makali wakati wa hedhi au wa tendo, kama aliwahi kuugua nyonga au kutungwa mimba nje ya kizazi, au kama mume aliwahi kufanyiwa upasuaji wa ngiri au wa korodani, au kuvimba korodani alipougua matumbwitumbwi akiwa kijana. Lishe na vipimo viende pamoja, kimoja kisiwe foleni ya kingine.

Siku ya kwanza nendeni wawili. Mama aandike tarehe za hedhi zake za miezi sita iliyopita, na majina ya kila kitu anachomeza, ukiwemo unga wa shangazi. Aubebe kabisa na chupa yake, daktari hatamcheka. Baba awe hajatoa manii kwa siku mbili hadi saba, si pungufu wala si zaidi. Kama anapewa ruhusa ya kuchukulia nyumbani, achukue yote kwenye kikopo alichopewa na maabara, si kwenye kondomu ya dukani wala chupa ya dawa iliyooshwa, akiweke ndani ya shati karibu na mwili kisipoe, na akifikishe ndani ya saa moja. Kama foleni za jiji hazimruhusu, aombe chumba hapohapo hospitali.